Kitabu Kimoja, Waandishi Wawili: Somo la Kuhesabu kwa Pamoja

Jambo gumu hufundishika likianzia kwenye kitu ambacho mtoto anaweza kukishika. Makala haya yanaeleza namna ya kufundisha jambo moja la utungaji wa programu bila kuwa na kompyuta darasani, kwa mchezo tulioujaribu na wanachuo katika mazoezi ya kufundisha hapa Ngaramtoni.

Msingi wa somo

Kitu kilichomo katika kumbukumbu ya kompyuta huweza kutumiwa na sehemu nyingi za programu. Kila sehemu hushika kielekezi, yaani anwani ya mahali kitu kilipo. Ili kujua wakati wa kukiondoa, programu huhesabu vielekezi: kikiongezeka kimoja hujumlisha 1, kikitoweka hutoa 1, na hesabu ikifika 0 nafasi huachwa wazi. George Collins wa Marekani aliieleza njia hii mwaka 1960. Taabu huanza pale nyuzi mbili, yaani mifuatano miwili ya kazi, zinapoibadili hesabu hiyo kwa wakati mmoja.

Zana

Kitabu kimoja cha hadithi, ubao, na vipande viwili vya chaki.

Hatua ya kwanza

Weka kitabu mezani, wanafunzi wakizunguke. Mwandishi mmoja aandike ubaoni idadi ya wasomaji. Ikifika 0, kitabu kirudishwe kabatini. Wanafunzi wataona kwamba utaratibu haukosei.

Hatua ya pili

Ongeza mwandishi wa pili. Ubao uonyeshe 2. Wasomaji wawili wapya waje pamoja, kila mmoja kwa mwandishi wake. Waandishi wote husoma 2, hujumlisha 1, na huandika 3. Wasomaji sasa ni 4. Watatu wakimaliza, mmoja baada ya mwingine, ubao huonyesha 0, na kitabu hunyang'anywa yule wa nne angali akisoma. Kinyume chake pia hutokea: wasomaji wawili wa mwisho wakiondoka pamoja, waandishi wote husoma 2 na kuandika 1, na kitabu hubaki mezani bila msomaji.

Hapa ndipo mwanachuo mmoja alipomkaripia mwandishi kwa kutojua kujumlisha. Mtoto alinyamaza akainamisha kichwa. Lakini 2 na 1 ni 3, mtoto hakukosea. Kosa lilikuwa katika utaratibu, nao tuliupanga sisi. Mwalimu na achunguze utaratibu wake kabla ya kumlaumu mtoto.

Hatua ya tatu

Ondoa chaki moja. Mwenye chaki asome, ahesabu na aandike, ndipo ampe mwenzake. Matendo matatu yamekuwa tendo moja lisilokatizwa. Hesabu sasa ni sahihi, ila mwandishi wa pili hungoja. Usalama una gharama yake.

Lugha ya Rust, iliyotolewa katika toleo lake la 1.0 mwaka 2015, hutenganisha hali hizi mbili. Kielekezi cha Rc kina hesabu nyepesi ya uzi mmoja. Arc ina hesabu isiyokatizwa. Mtu akijaribu kupeleka Rc kwenye uzi mwingine, programu hukataliwa kabla ya kuendeshwa. Kinga hii ni ya maana, kwani kosa la namna hii huweza kujificha: mchezo huenda vyema mara nyingi, kisha ukaharibika siku wawili wanapofika pamoja.

Tahadhari

Hesabu sahihi ya wasomaji haizuii wawili kuandika juu ya ukurasa mmoja. Vivyo hivyo, Arc hulinda hesabu, si yaliyomo; hayo huhitaji kufuli lake.

Maswali

1. Kwa nini kila mwandishi alikuwa sahihi, na ubao ukawa na kosa?
2. Lipi lina madhara zaidi: kitabu kunyang'anywa msomaji, au kubaki mezani?
3. Wakati gani chaki moja haina haja?