Sarafu yenye tundu la mraba

*Hapa Nyakato yupo kijana wa vyuma chakavu mwenye sarafu tatu za Kichina zenye tundu la mraba katikati. Anasema zilichimbuliwa pwani, na anataka laki mbili kwa kila moja. Natamani kuanza kukusanya sarafu za kale. Ninunue? Na ile kutu ya kijani niisugue na nini?*
*– Msomaji, Mwanza*

Mdogo wangu, hela yako ikae mfukoni kwanza.

Uzee pekee hauipi sarafu bei. Wachina walisubu sarafu hizi kwa zaidi ya miaka 2,000. Karibu na mwaka 1080, utawala wa Song ulitoa takriban mikufu milioni 5 kwa mwaka, kila mkufu ukihesabiwa sarafu 1,000 zilizotungwa kamba kupitia tundu hilo. Ndiyo maana sarafu ya kawaida ya Song, yenye miaka 900, wakusanyaji wanaipata kwa bei ya sahani ya wali samaki.

Kwetu thamani iko mahali sarafu ilipotoka. Mwaka 1945, Kajengwa karibu na Makunduchi, Unguja, lilifukuliwa lundo la sarafu za Kichina, nyingi za Song. Kwa kuwa zilikuwa pamoja, zile changa kuliko zote zinatuonyesha kwamba hazikufukiwa kabla ya karne ya 13. Zingetawanywa sokoni, ushahidi huo ungepotea kabisa. Mwaka 2010, Mambrui nchini Kenya, ikapatikana sarafu ya Yongle, mfalme wa China aliyemtuma nahodha wake Zheng He baharini. Kwa jina la Zheng He matapeli nao wana hadithi ya kuuzia.

Basi muulize kijana: nani alichimba, kijiji gani, kulikuwa na vigae au shanga? Akijibu kwa uhakika, usinunue. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na ugunduzi hutolewa taarifa serikalini. Msaidie afike Idara ya Mambo ya Kale. Akibabaika, laki mbili unalipia maneno. Pitisha sumaku pia: ikinata, hiyo si shaba. Isiponata, bado inaweza kuwa ya bandia, maana hata bandia husubiwa kwa shaba.

Kutu usiiguse, si kwa ndimu wala stili waya. Ukiisugua, maandishi yanaondoka nayo. Ukipata sarafu halali, mwombe sonara akupimie uzito, kisha iweke kwenye bahasha kavu na uandike juu yake gramu, kipenyo, na uliipata kwa nani.