Dawa Iliyo Katika Majaribio: Mambo ya Kujua Kabla ya Kutia Saini

Kipeperushi kwa wakazi wa Queensburgh, Durban, wasomao Kiswahili

Kazi ya kinga ya mwili ni kupambana na vijidudu vya maradhi. Katika magonjwa kama baridi yabisi na lupasi, kinga hiyo huushambulia mwili wenyewe. Viungo huvimba, huuma na huweza kuharibika. Mgonjwa aliyeteseka kwa muda mrefu huenda akaombwa kujiunga na majaribio ya dawa mpya. Uamuzi huo ni wake.

Maana ya majaribio

Dawa iliyo katika majaribio bado haijathibitishwa kuwa inatibu wala kuwa ni salama. Kwanza hupewa watu wachache, kisha wagonjwa zaidi, na mwishowe hulinganishwa na tiba iliyozoeleka au na kidonge kisicho na dawa ndani yake.

Mwezi Machi 2006, jijini London, wanaume sita wenye afya njema walipewa dawa iitwayo TGN1412, iliyokusudiwa pia magonjwa ya aina hii. Ingawa wanyama waliivumilia, wote sita waliugua vibaya siku hiyo hiyo na kulazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Wote walinusurika. Baada ya hapo masharti ya kuwapa watu dawa kwa mara ya kwanza yalikazwa.

Kifua kikuu

Dawa zinazotuliza kinga zaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini bila dalili. Jambo hili lilionekana kwa infliksimabu, dawa ya baridi yabisi, baada ya kuanza kutumika. Kwa kuwa kifua kikuu kimeenea sana Afrika Kusini, mgonjwa amweleze daktari kama amewahi kukiugua au ameishi na aliyekiugua. Aeleze pia hali yake kuhusu Virusi vya Ukimwi, ujauzito, na dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba.

Haki za mgonjwa

Kifungu cha 12 cha Katiba ya Afrika Kusini chakataza mtu kufanyiwa majaribio ya kitabibu bila ridhaa yake. Sheria ya Afya ya Taifa, namba 61 ya 2003, yataka ridhaa hiyo iwe ya maandishi, baada ya mtu kuelezwa lengo la utafiti na matokeo yake, mema na mabaya. Mgonjwa asiyeelewa Kiingereza au Kizulu aombe mkalimani. Mtoto asibebeshwe kazi hiyo.

Maswali ya kuuliza

- Je, majaribio yameidhinishwa na SAHPRA, mamlaka inayodhibiti dawa nchini, na kamati ya maadili ya utafiti?
- Ni watu wangapi wameshaitumia dawa hii, na iliwadhuru vipi?
- Nikidhurika, nani atagharimia matibabu?
- Nikijitoa, nitaendelea kupata tiba yangu ya kawaida?
- Nimpigie nani simu usiku?

Tahadhari

Anayetumia prednisoni asiiache ghafla bila idhini ya daktari, kwani kufanya hivyo kwaweza kuhatarisha maisha. Aliyejiunga na majaribio akipata homa, kikohozi kisichokoma, jasho la usiku au shida ya kupumua, awaarifu watafiti mara moja. Akizidiwa, aende hospitali na kueleza kwamba yumo katika majaribio ya dawa.

Mgonjwa anaweza kuichukua fomu nyumbani, kuisoma na jamaa zake, na kuirudisha bila saini.