Boriti ya Rufiji na Lugha ya Makazi katika Mji Mkongwe wa Unguja

1.0 Utangulizi

Msamiati wa nyumba ya mawe ya Waswahili umekwisha kuchunguzwa kwa kiasi kikubwa. Daka, baraza, ukumbi, msana, ndani na wikio ni istilahi ambazo mwanafunzi wa utamaduni wa pwani hukutana nazo mapema, na kwa kawaida hufundishwa kwamba zinadhihirisha faragha, heshima na daraja za kijamii za mji. Hatuna ugomvi na maelezo hayo. Upungufu wake ni kwamba yanaanzia mlangoni na kuishia darini, kana kwamba nyumba ilijengwa kwa fikra tupu za mwenye nyumba. Makala haya yanaitazama nyumba hiyo kutoka upande wa msitu. Hoja yetu ni kwamba kaya inayoishi leo Kiponda, Hurumzi au Malindi, katika Mji Mkongwe wa Unguja, inaishi ndani ya kipimo kilichowekwa na mti wa pwani ambao kwa sehemu kubwa ulikatwa katika delta ya Rufiji. Na kwamba maana ya baadhi ya maneno ya nyumba hiyo haielezeki kwa ukamilifu mpaka yafuatwe huko yalikotoka pamoja na mti wenyewe.

Delta hiyo, yenye msitu wa mikoko unaokadiriwa kufikia hekta 53,000, ndiyo kubwa kuliko zote katika Afrika ya Mashariki. Kiutawala imo katika Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, wilaya iliyomegwa kutoka ile ya Rufiji katikati ya miaka ya 2010. Tunaposema "boriti ya Rufiji", basi, tunatumia jina la mto na la biashara, si la mipaka ya serikali. Ikumbukwe pia kwamba Unguja na Pemba zina mikoko yake, mathalani katika Ghuba ya Chwaka, na kwamba Lamu nayo iliuza boriti kwa wingi. Rufiji haikuwa chimbuko pekee. Ilikuwa chimbuko kuu lililo karibu, na hilo linatosha kwa hoja yetu.

2.0 Mti na Upana wa Chumba

Dari ya nyumba ya mawe hujengwa kwa boriti zilizolazwa sambamba kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Juu ya boriti hupangwa mawe bapa ya matumbawe, na juu ya mawe humwagwa zege la chokaa, likashindiliwa hata likawa sakafu ya orofa ya juu. Dari ya namna hii ni nzito mno. Boriti ya mkoko, ambayo unene wake kwa kawaida ni kama sentimita 10 hadi 15, huweza kuuhimili uzito huo katika nafasi ya mita 2.5 hadi 3 hivi. Nafasi ikizidi hapo, boriti hupinda na dari hupasuka.

Fundi, kwa hiyo, hakuanza kwa kujiuliza chumba kiwe na upana gani. Upana alikwisha kupewa. Alichoachiwa ni urefu, na ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi huwa virefu na vyembamba, vikipangwa kuuzunguka ua wa ndani au kufuatana kimoja nyuma ya kingine. Tajiri alimzidi jirani yake kwa wingi wa vyumba, kwa kimo cha kuta na kwa nakshi za mlango, lakini katika upana wa chumba walikuwa sawa. Husuni Kubwa ya Kilwa, kasri la karne ya 14 lililojengwa kusini mwa delta hiyo, lina vyumba vyembamba vilevile ijapokuwa aliyekaa humo alikuwa sultani. Hata wikio, yaani chumba kinachopita juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili, hakiwezi kuvuka njia iliyo pana kuliko boriti zake. Wembamba wa vichochoro huelezwa mara nyingi kwa kutaja kivuli na faragha. Mahali palipo na wikio, ni sharti urefu wa mti nao utajwe.

Jengo lililovuka mpaka huo Unguja ni Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sultani Barghash. Liliweza kuwa na nafasi pana kwa sababu lilitumia chuma kilicholetwa kutoka ng'ambo. (Sehemu ya jengo hilo iliporomoka Desemba 2020, kwa hiyo tusidhani kwamba chuma ni dawa ya kila kitu.)

Kanuni hii haikuishia Afrika. Majahazi ya Ghuba yalishuka kwa kaskazi, yakapakia boriti Rufiji na Lamu, yakarudi kwa kusi. Vyumba vya nyumba za zamani za Kuwait na Bahrain vikapata wembamba uleule kwa sababu ileile. Alan Villiers, aliyesafiri na jahazi la Kuwait hadi Rufiji mwaka 1939, ameieleza safari hiyo katika kitabu chake Sons of Sindbad (1940), na delta anaichora kuwa mahali pa taabu. Kwa baharia anayesubiri mzigo katika tope na mbu, huenda ndivyo ilivyokuwa.

3.0 Majina ya Miti, Majina ya Vipimo

Kwa mkaaji wa mjini, mikoko ni mikoko. Husema "mkoko ndio kwanza unaalika maua" akimaanisha kwamba jambo linaanza tu, wala si lazima awe amewahi kuliona ua lenyewe. Katika delta jina hilo halitoshi. Mkoko ni mti mmoja miongoni mwa kadhaa: kuna msinzi, ambao Wakenya wengi huuita muia, kuna mkandaa, mchu, mlilana, mkomafi, kikandaa na msikundazi. Kila mmoja una kazi yake. Mkoko na msinzi ndio hutoa boriti nzuri. Mkandaa hutoa miti myembamba iliyonyooka. Mlilana hutafutwa na waunda vyombo kwa ajili ya mataruma. Mchu huishia zaidi kwenye kuni na matanuri ya chokaa. Msomaji azingatie hilo la mwisho. Chokaa iliyomwagwa juu ya boriti nayo mara nyingi ilichomwa kwa kuni za msitu wa aina hiyohiyo.

Mti ukishakatwa hupoteza jina la ukoo wake na kupewa jina la kipimo: ufito, upau, boriti, nguzo. Hapa sarufi inastahili kutazamwa kwa makini. Miti miwili iliyo myembamba zaidi, ufito na upau, imo katika ngeli ya U-ZI pamoja na uzi, ubao na ukuni, yaani vitu ambavyo lugha inavitazama kwa urefu wake. Wingi wake ni fito na pau. Boriti na nguzo zimo katika I-ZI, ambamo umbo la umoja na la wingi ni moja. Kwa maoni yetu mgawanyo huo unawiana na matumizi. Ufito mmoja haujengi kitu. Fito hufungwa na kusukwa pamoja ukutani, na umoja wake karibu hauhitajiki ila katika methali na makaripio. Boriti moja, kinyume chake, ina mahali pake maalumu ukutani na inaweza kung'olewa na kubadilishwa peke yake. (Wafasiri wa Biblia walikuwa na sikio zuri walipoweka boriti na kibanzi katika jicho: vyote viwili ni mti, na tofauti yao ni kipimo tu.)

Kipimo cha biashara ni korija, yaani 20. Neno hili ni la Bahari ya Hindi nzima. Wareno waliliandika corja, na pwani yetu hutumika pia katika kuhesabu nguo, hasa kanga. Mkataji wa Salale au Mbwera alihesabu korija za boriti, na aliyepokea mzigo Unguja alihesabu hivyohivyo. Lakini muda wa kazi haukuhesabiwa kwa korija. Ulihesabiwa kwa maji. Katika bamvua vijito hujaa na mti huweza kuelea au kupakiwa kwenye mtumbwi hadi mahali jahazi liliposimama. Katika maji mafu mzigo hukwama. Bei ya mjini ilitegemea mwezi, ingawa mnunuzi hakuujua mwezi huo.

Jambo lingine halina budi kusemwa. Wakataji wa delta, wengi wao Wandengereko na wenyeji wengine wa Rufiji ambao pia hulima mpunga, kwa kawaida hawakulala chini ya dari ya boriti. Nyumba zao zilijengwa kwa nguzo, fito na udongo, zikaezekwa kwa makuti. Na orofa yao ilikuwa dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo shambani ili mlinzi wa mpunga aepuke mafuriko na wanyama. Nyumba za mwanzo za Kariakoo, Dar es Salaam, zilifuata mtindo huo wa fito na udongo, na miti yake ilitoka kwa wingi Rufiji. Tofauti ni ya mkao wa mti. Mjini Unguja mti umelazwa na kubebeshwa sakafu ya watu wengine. Kariakoo na Rufiji mti umesimama na kubeba paa tu. Kwa mkataji, boriti ilikuwa mzigo, hesabu na malipo. Haikuwa dari.

4.0 Nani Mwenye Dari?

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa au kuachwa na wenyewe, na familia kutoka mashamba ya Unguja na kutoka Pemba zikapewa vyumba humo. Nyumba iliyokuwa ya ukoo mmoja ikawa ya kaya kadhaa. Chumba kirefu na chembamba kililazimika kuwa nyumba nzima. Tukichukua upana wa mita 2.5, kitanda kikiwekwa kwa kukingama kinaacha njia ya mtu mmoja kupita kwa ubavu. Pazia au ubao unaweza kukigawa chumba hicho katika upana wake tu; kukigawa kwa urefu ni kupata shoroba mbili. Hivyo anayelala nyuma hana budi kupita kwa anayelala mbele, na adabu ya kubisha hodi, ambayo zamani ilikuwa ya mlango wa nje, ikahamia ndani ya chumba.

Lakini athari iliyo nzito zaidi iko juu ya vichwa. Boriti zilezile ni kitu kimoja chenye majina mawili: aliye chini anaziita dari yake, aliye juu hazioni kabisa, kwa kuwa kwake zimefunikwa na sakafu. Ukoo mmoja ulipokaa chini na juu, majina hayo mawili yalikuwa na mwenyewe mmoja, na neno "darini" lilimaanisha tu orofa ya juu ya nyumba yetu. Walipoingia wapangaji tofauti, majina yalipata wenyewe wawili ilhali boriti ilibaki moja. Aliye juu anaosha vyombo juu ya sakafu yake. Maji yanapenya kwenye chokaa. Boriti inaanza kuoza mwishoni, ndani ya ukuta, mahali ambapo hakuna anayepaona. Mkoko huvumilia mchwa kwa muda mrefu, lakini ncha iliyofungiwa katika ukuta wenye unyevu haina nusura. Aliye chini anaona unga wa chokaa juu ya kitanda. Anayedai matengenezo anasema "dari yangu", anayedaiwa anajibu "sakafu yangu nzima". Wote wawili wanasema kweli, na wakati wanabishana boriti inaendelea kuoza.

Tunaamini kwamba hapa lugha si kioo tu cha mgogoro. Kukosekana kwa jina la pamoja la kile kilichoko kati ya sakafu na dari, jina ambalo wapangaji wote wawili wangelitumia, kunaifanya mali hiyo ya pamoja isionekane kuwa ya pamoja. Jina lipo, nalo ni boriti, ila limebaki kwa mafundi.

5.0 Marufuku, Matengenezo na Kamusi

Tangu mwaka 1898, chini ya Wajerumani, mikoko ya delta imekuwa mali inayosimamiwa na serikali. Mwaka 1987 ukataji ulipigwa marufuku, na mwaka 1991 ukatolewa mpango wa usimamizi wa mikoko ya Tanzania Bara, ulioandaliwa na Adelaida Semesi. Ng'ambo ya mlango wa bahari, Mamlaka ya Mji Mkongwe ilikwisha kuundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji huo ukaingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Wahifadhi wa mji hushauri chokaa na boriti badala ya saruji na nondo, kwani saruji huuzuia ukuta wa chokaa usipumue. Wahifadhi wa msitu hutaka boriti zikatwe chache na kwa leseni. Kila upande una haki yake, na kila upande huandika ripoti ambamo upande wa pili hautajwi sana. Wenye kuyajua maneno ya pande zote mbili, yaani wakataji wazee wa delta na mafundi wa dari wa Unguja, wanazidi kupungua.

Kazi ya mwanakamusi ni ndogo kuliko ya wahifadhi, lakini inaweza kuanza sasa. Kueleza kwamba boriti ni mti wa kushikilia dari ni sahihi, ila hakutoshi: kidahizo kitaje mkoko na msinzi, kitofautishe boriti na upau kwa unene, na kionyeshe kwamba ndiyo huamua upana wa chumba. Dari ioneshwe kuwa upande wa chini wa kitu ambacho upande wake wa juu ni sakafu. Korija ipewe matumizi yake ya miti pamoja na ya nguo. Msinzi na muia viunganishwe kwa rejea mtambuko. Ukusanyaji wa maneno hayo Nyamisati, Salale na Mbwera upangwe wakati wa maji mafu, kwa sababu wakati wa bamvua wenye maneno huwa hawapo nyumbani.