Kahawa Isiuzwe Ingali Ua

Somo letu la mwezi huu ni la mambo ya nyumbani, yaani namna ya kutunza fedha ipatikanayo mara moja kwa mwaka, ili itoshe miezi yote. Sisi tukaao mkoa wa Kagera twalijua jambo hili vema. Migomba hutulisha siku zote, lakini fedha hutoka katika kahawa, na kahawa ina majira yake. Mavuno huanza karibu na mwezi wa Mei, na mwaka ukielekea mwisho mikeka ya kuanikia imekwisha kukunjwa. Bali mahitaji hayana majira. Tena haja kubwa huja mwezi wa Januari, shule zifunguliwapo. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali, za msingi na za sekondari hata kidato cha nne. Lakini sare, viatu, madaftari na nauli havikuondolewa. Basi kati ya fedha kwisha na fedha kuja pana bonde, na katika bonde hilo wengi huanguka.

1. Butura

Mtu aliyepungukiwa huenda kwa mwenye fedha, akamwuzia kahawa ingali mtini, pengine ingali ua. Desturi hii kwetu huitwa butura. Serikali imeikataza, wala haikukoma, kwa sababu hufanyika kwa siri, na kwa sababu mwenye shida hudhani kwamba amesaidiwa.

Na tufanye hesabu. Tuseme mtu amepewa shilingi 60,000 mwezi wa Januari, kwa ahadi ya gunia moja la kahawa. Mwezi wa Juni gunia lile lauzwa shilingi 150,000. Basi kwa miezi mitano mtu yule amelipa 90,000 juu ya zile 60,000 alizopewa, yaani mara moja na nusu ya fedha yenyewe. Wala hasara haiishi hapo. Kwa kuwa mavuno yake yamepungua gunia moja, Januari ijayo atapungukiwa zaidi, naye atauza magunia mawili. Hivyo shamba la baba yake hupata bwana mwingine, na yeye mwenyewe huwa kibarua katika miti aliyoirithi. Wazee walisema kweli: Kukopa arusi, kulipa matanga.

Msinidhani kuwa nawafundisha nisiyoyajua. Mimi nami naliuza hivyo. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa akiingia kidato cha kwanza. Mwezi wa Desemba nalikuwa nimeitumia fedha yote katika karamu ya jamaa zangu, kwa kuwa naliona haya kuonekana mchungaji asiye na kitu. Januari nikaenda kwa mtu usiku, nikamwuzia magunia mawili, wala sikumwambia mke wangu. Yeye akapalilia, akachuma, akaanika, akaigeuza kahawa kila siku hata ikakauka. Ndipo jioni moja gari likasimama uani, na watu wakaanza kupakia. Mke wangu akasimama mlangoni, akaniuliza, "Baba, watu hawa ni nani, na magunia yetu yaenda wapi?" Sikuwa na neno la kujibu. Nalikimbia aibu ya Desemba, nikaipata kubwa kuliko ile mwezi wa Juni. Siku ile nalifahamu kwamba mume auzaye kwa siri huuza jasho la mkewe.

2. Mambo manne ya kushika

Jambo la kwanza: fedha ihesabiwe na wawili. Siku ifikapo, iwe kwa mkono, kwa benki au kwa simu, mume na mke waketi pamoja, na kila mmoja ajue jumla yake. Watoto wakubwa nao wakisikia, ni vema, ndivyo watakavyojifunza.

Jambo la pili: igawanywe kabla ya kutumiwa. Itolewe kwanza fedha ya madeni, kisha ya Januari, kisha ya shamba, kwa maana miti mizee haina budi kung'olewa na michanga kupandwa. Itakayobaki ndiyo ya matumizi. Tumkumbuke Yusufu huko Misri: katika miaka saba ya shibe alitenga sehemu ya tano ya mavuno, wala hakungoja aone kitakachosalia. Angojaye masalio hayaoni.

Jambo la tatu: pawe na daftari. Kila jioni iandikwe fedha iliyoingia na iliyotoka, hata iwe kidogo. Nalipoanza kuandika, nalistaajabu. Shilingi 500 za kila siku, za soda au za muda wa maongezi, nalikuwa sizihesabu kuwa matumizi. Lakini kwa siku 30 ni 15,000, na kwa miezi minne ni 60,000. Tazama, msomaji, ndiyo fedha ile ile iliyouza gunia la kahawa! Tangu Septemba hata Desemba nalikuwa nikiila butura yangu mwenyewe kidogo kidogo.

Jambo la nne: akiba ikae mbali na mkono. Tangu M-Pesa ilipoanza katika nchi yetu mwaka 2008, fedha imekuwa rahisi kutumwa, na kwa hiyo rahisi kutumika. Fedha iliyo katika simu ni kama iliyo mfukoni. Tena azitoaye mara nyingi, kidogo kidogo, hulipa makato mara nyingi. Yafaa zaidi chama cha kuweka na kukopa, ama kikundi cha majirani chenye sanduku la kufuli tatu, na funguo zake kushikwa na watu watatu mbalimbali, asiweze mmoja kulifungua peke yake. Njia hii ilianza mwaka 1991 kwa wanawake wa Niger, wakisaidiwa na shirika la CARE, nayo imeenea nchi nyingi za Afrika.

Lakini nawaonya neno moja. Vikundi vingi hugawana fedha mwezi wa Desemba, nayo huliwa katika sikukuu. Mgawane juma la kwanza la Januari, nanyi mtaona kwamba sanduku limekuwa daraja juu ya lile bonde.

3. Kuweka akiba si ubahili

Wengine watasema, "Mtu atunzaye hivi atawanyima wageni, wala hatachanga penye msiba." Sivyo. Bahili huweka ili asitoe; mwenye busara huweka ili awe na cha kutoa. Rambazo za matanga na msaada wa jamaa ziandikwe katika mgawanyo tangu mwanzo, kwa kadiri ya uwezo. Na akija mgeni, apewe ndizi zilizomo nyumbani kwa moyo mweupe. Karamu ya deni haimheshimu mgeni, kwa maana watakaoilipa ni watoto.

Nyumbani kwetu ilitupasa kungoja misimu miwili kabla ya kuwa huru. Mwaka wa kwanza tuliuza gunia moja badala ya mawili, naye mke wangu alijua. Mwaka wa pili hatukuuza hata moja. Januari ile mtoto alikwenda shule na viatu vya zamani vilivyoshonwa, lakini kahawa yote iliyokuwa mtini ilikuwa yetu.

Maswali ya kuzungumza katika mafundisho

1. Katika nyumba yako, ni mwezi gani fedha hupungua kuliko yote? Waweza kuanza mwezi gani kuutengea?
2. Ni nani ajuaye jumla ya fedha ya kahawa ya mwaka huu? Kama ni mmoja tu, ni kwa sababu gani?
3. Andika matumizi madogo ya juma moja. Kwa miezi minne yatakuwa kiasi gani?
4. Kikundi chenu hugawana lini? Je, ndio wakati wa haja?