Viza Imekataliwa? Soma Karatasi Kabla ya Kulipa Mtu

SWALI: Mimi ni mama wa Birere, hapa Goma. Binti yangu amejifungua Liège. Niliomba viza ya Ubelgiji ya miezi miwili nikamsaidie mzazi, wakanikatalia. Sasa komisioneri mmoja, wakala wa viza, ananiambia nimpe dola 500, atanitengenezea barua ya kazi na karatasi za benki, niombe upya. Je, nina haki gani?

JIBU: Pole mama, na hongera kwa mjukuu.

Kwanza tutenganishe milango miwili. Kifungu cha 30 cha Katiba yetu ya 2006 kinakupa haki ya kutoka nchini na kurudi, kwa masharti ya sheria. Afisa wa DGM, idara ya uhamiaji, akikuzuia mpakani, muulize ni sheria ipi. Akidai makuta, omba risiti. Lakini Katiba yetu haifungui nyumba ya jirani. Kenya ilituondolea viza tangu 1 Septemba 2023 kwa kuwa iliamua hivyo, Ubelgiji haijaamua. Kwa hiyo kupewa viza si haki yako. Haki yako ni ombi lako kushughulikiwa kwa utaratibu, nao umeandikwa katika sheria ya viza ya Umoja wa Ulaya, namba 810 ya mwaka 2009.

Utaratibu huo unasema viza fupi ikikataliwa, sababu itolewe kwa maandishi. Ile karatasi uliyorudishiwa pamoja na pasipoti usiitupe. Ina visanduku, na kilichotiwa alama ndicho sababu. Tuseme kinasema wana shaka kama utarudi kabla viza haijaisha. Hapo barua ya mwaliko ya binti, hata ikiwa na mihuri kumi, haijibu kitu. Wanataka kuona kinachokurudisha Goma: patenti ya biashara, risiti za kodi ya soko, hati ya parsele, vyeti vya watoto wanaobaki.

Una njia mbili. Ya kwanza ni rufaa. Kwa Ubelgiji una siku 30 tangu kuarifiwa, na inapelekwa Brussels kwenye baraza la mashauri ya wageni, Conseil du contentieux des étrangers. Baraza hilo halitoi viza. Linaangalia kama sheria ilifuatwa. Likikuta kosa, linafuta uamuzi, na ombi linarudi kuangaliwa upya. Binti yako amtafute avoka kulekule.

Njia ya pili ni kuomba upya. Hakuna muda wa kungoja, ila ada ya euro 90 utailipa tena, na ukikataliwa hairudi. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Jibu hutoka ndani ya siku 15, ingawa linaweza kufika siku 45. Pasipoti iwe na uhai wa miezi 3 zaidi baada ya tarehe yako ya kuondoka Ulaya, na kurasa 2 tupu. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 angalau.

Sasa komisioneri. Ombi lako limeingia katika mfumo wa pamoja wa viza za nchi za Schengen, Ubelgiji ikiwemo, na linaweza kukaa humo miaka 5. Ukiandika leo kwamba una mshahara ambao mara ya kwanza hukuutaja, hata ubalozi wa nchi nyingine ya Schengen utauona mkanganyiko huo. Hapa nyumbani nako, kifungu cha 124 cha sheria ya makosa ya jinai kinamfunga mghushi wa maandishi miezi 6 hadi miaka 5, na anayeyatumia kwa kujua hasalimiki. Komisioneri atakula dola zake na kubadilisha namba ya simu. Jina lililo kwenye faili ni lako.

Mama, toa ile karatasi leo. Tazama kisanduku, kisha hesabu siku 30 kuanzia tarehe uliyoipokea.