SOMO: KUZITAMBUA NYAYA TATU ZA UMEME
Kwa makatibu wa vyama vya msingi na vikundi vya kujifunza



Vyama vingi vya msingi vina umeme ofisini, ghalani na penye mashine ya kusaga. Wanachama wengi nao wameuingiza majumbani mwao. Umeme umekuwa chombo cha kazi kama mizani na daftari, ila mizani mbovu humpunja mkulima, na umeme ulioungwa vibaya humwua.

Somo hili halikusudii kumfanya katibu awe fundi. Kufungua na kuunga nyaya ni kazi ya fundi mwenye leseni, ambayo kwa Tanzania hutolewa na EWURA. Lakini katibu ndiye anayemwita fundi huyo, anayeipokea kazi yake na kuandaa malipo. Asiyejua kazi ya kila waya hawezi kuuliza swali, na asiyeuliza hupokea chochote atakachopewa.

Neno kuu la somo ni hili: rangi ya waya ni ahadi ya aliyeuweka, kipimo ndicho ushahidi. Wanaushirika tunalifahamu jambo hili katika hesabu. Tarakimu iliyoandikwa kitabuni haimtoshelezi mkaguzi mpaka aone stakabadhi. Vivyo hivyo na waya.

1. Kazi ya kila waya

Waya wa moto, ambao mafundi huuita pia laini, ndio uletao umeme kutoka kwenye mita mpaka kwenye taa au mashine. Nchini Tanzania msukumo wake ni volti 230. Mtu aliyesimama ardhini akiugusa, umeme hupita mwilini mwake kwenda ardhini.

Nyutro ndiyo njia ya kurudia. Umeme ukishafanya kazi katika balbu au mota hurudi kwa njia hiyo. Kwa kuwa nyutro imeunganishwa na ardhi kule kwenye transfoma, kwa kawaida msukumo wake ni mdogo sana. Hata hivyo, nyutro ikikatika mahali fulani huku taa imewashwa, kipande kilichobaki upande wa taa hupata umeme kama waya wa moto.

Waya wa ardhi, au ethi, haufanyi kazi yoyote siku za amani. Huunganisha mwili wa chuma wa mashine, pasi au jokofu na ardhi. Siku waya wa moto utakapochubuka na kugusa chuma hicho, ethi huupa umeme njia nyingine badala ya mwili wa mtu.

2. Rangi za zamani na rangi za sasa

Majengo yetu ya zamani yalifuata desturi ya Uingereza: waya wa moto mwekundu, nyutro nyeusi, na ethi ya kijani, au ya kijani yenye mistari ya manjano, au waya mtupu wa shaba usio na ganda. Mpango wa sasa ni huu: waya wa moto ni wa kahawia, nyutro ni ya buluu, na ethi ni ya kijani yenye mistari ya manjano.

Mabadiliko hayo hayakuja siku moja. Huko Uingereza kwenyewe nyaya za vyombo vinavyohamishika, kama pasi na birika, zilibadilishwa kwa kanuni za mwaka 1969. Nyaya zilizomo ukutani ziliruhusiwa kubadilishwa mwaka 2004, na kuanzia mwaka 2006 rangi mpya zikawa za lazima kwa kazi mpya. Ndiyo maana pasi ya kahawia na buluu huweza kuchomekwa katika soketi iliyoungwa kwa nyekundu na nyeusi.

Mashine kubwa ya kusaga hutumia umeme wa njia tatu, ambao kati ya njia moja na nyingine una volti 400. Zamani njia hizo zilikuwa nyekundu, manjano na buluu, na nyutro nyeusi. Katika mpango wa sasa ni kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ni buluu.

Msomaji aziangalie tena rangi hizo. Buluu, iliyokuwa moto katika mpango wa zamani, ni nyutro katika mpango wa sasa. Nyeusi, iliyokuwa nyutro, sasa ni moto. Tuchukue mfano wa ghala lililowekewa umeme mwaka 1978 na kuongezewa chumba cha mashine mwaka 2015. Katika jengo hilo moja waya mweusi una maana mbili, na maana mojawapo inaua.

3. Mahali rangi inapodanganya

Kwanza, kwenye swichi ya taa. Mafundi wa zamani waliteremsha waya mwekundu mpaka kwenye swichi na kurudisha mweusi kwenye taa. Mweusi huo si nyutro. Swichi ikiwashwa, una moto sawasawa na mwekundu. Ilipasa ufungwe tepu nyekundu kuwa alama, lakini mara nyingi haukufungwa.

Pili, mahali ambapo swichi imewekwa kwenye nyutro badala ya waya wa moto. Taa huwaka na kuzimika vizuri, na hakuna atakayeshuku. Lakini taa ikiwa imezimwa, moto bado umo ndani ya holda, ukimngoja atakayepanda ngazi kubadilisha balbu. Sheria ni kwamba swichi na fyuzi hukata waya wa moto. Katika holda ya kuzungusha, waya wa moto uende kwenye kitako cha katikati, na nyutro kwenye ganda lenye hesi.

Tatu, katika mashine zilizotoka nchi nyingine. Marekani, kwa mfano, waya mweusi ni wa moto na mweupe ni nyutro.

Nne, pale fundi alipoishiwa waya wa rangi inayotakiwa akatumia uliokuwapo mkobani. Hili halina kanuni, na kwa sababu hiyo ndilo baya kuliko yote.

4. Namna ya kuthibitisha

Vipimo vifuatavyo hufanywa na fundi, naye katibu ashuhudie.

Bisibisi yenye taa ndogo, yaani testa, huonyesha waya wenye moto. Ikiwaka, tahadhari. Isipowaka, hiyo haijawa hati ya usalama: huenda taa yake imeungua, huenda mwanga wa jua umeifunika, au aliyeishika amesimama juu ya ngazi kavu ya mbao. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Kipimo cha kuaminika zaidi ni kile chenye ncha mbili kinachosoma volti. Fundi hukijaribu kwanza mahali anapojua pana umeme, ndipo hupima waya anaoutilia shaka, kisha hurudi kukijaribu tena mahali pale pa kwanza. Asiporudi, hawezi kujua kama waya umekufa au kipimo ndicho kilichokufa.

Katika soketi iliyoungwa vizuri majibu ni haya: kati ya moto na nyutro, volti 230 hivi, kati ya moto na ardhi, volti 230 hivi, kati ya nyutro na ardhi, karibu na sifuri. Kipimo kikisoma 230 kati ya nyutro na ardhi, na karibu na sifuri kati ya moto na ardhi, nyaya mbili zimebadilishana. Moto na nyutro zikisoma 230, lakini moto na ardhi hazisomi kitu, huenda waya wa ardhi umekatika au haukuungwa kamwe.

Kwa soketi zetu za matundu matatu ya mraba, mtu akiitazama ukutani, tundu la juu ni la ardhi, la kulia ni la moto, la kushoto ni la nyutro. Plagi ikifunguliwa, pini kubwa ikiwa juu na misumari ya kufungia nyaya ikimwelekea mtazamaji, mpangilio ni huohuo, na fyuzi iko upande wa kulia.

5. Waya wa ardhi usidharauliwe

Kati ya nyaya tatu, huu ndio unaoachwa kwa urahisi, kwa kuwa taa huwaka bila huo na mashine husaga bila huo. Chama huweza kukaa miaka bila kujua kuwa hakina ardhi.

Hata fimbo ya shaba iliyofukiwa haitoshi peke yake. Tuseme njia yote ya ardhi, kutoka kwenye mashine mpaka kwenye transfoma, ina ukinzani wa omu 20. Gawanya 230 kwa 20, utapata ampea 11.5. Fyuzi ya ampea 15 haitakatika, na mwili wa mashine utaendelea kuwa na umeme. Wakati wa kiangazi udongo hukauka, ukinzani huongezeka, na hali huwa mbaya zaidi. Kwa sababu hiyo huwekwa swichi maalumu inayokata umeme pindi unapovujia ardhini. Iliyo ya kulinda watu hukata katika uvujaji usiozidi milliampea 30. Ina kitufe cha kujaribia, nacho kibonyezwe mara kwa mara kama ilivyoagizwa na mtengenezaji. Isipokata, fundi aitwe siku hiyohiyo.

6. Wajibu wa katibu na Bodi

(a) Kuweka daftari la umeme la chama: tarehe ya kila kazi, jina na namba ya leseni ya fundi, na rangi alizotumia katika kila chumba.
(b) Kudai vipimo vya kila soketi kwa maandishi kabla ya malipo ya mwisho.
(c) Kubandika onyo kwenye swichi kuu ikiwa jengo lina rangi za zamani na za sasa pamoja.
(d) Kuzima swichi kuu na kuifunga kwa kufuli fundi anapofanya kazi. Ufunguo akae nao fundi mwenyewe.
(e) Kutoruhusu mtu yeyote, hata awe mwanachama hodari, kugusa nyaya zilizo kabla ya mita. Hizo ni za shirika la umeme.

Gharama ya kupima italalamikiwa mkutanoni. Yafaa wanachama waelezwe kwamba mwendesha mashine, mpishi wa mkutano na mtoto aliyetumwa na debe la mahindi hawana namna ya kujua waya uliomo ndani ya chuma wanachokigusa. Wamekiamini chama.

Maswali ya kuzungumzwa katika kikundi

1. Jengo la chama chetu liliwekewa umeme mwaka gani, na kwa rangi zipi? Ni nani anayejua, na imeandikwa wapi?
2. Kwa nini waya mweusi kwenye swichi ya taa usihesabiwe kuwa nyutro?
3. Taa imezimwa, lakini testa inawaka kwenye holda. Ni kosa gani huenda limefanyika?
4. Mashine yetu ya kusaga inafanya kazi vizuri. Je, hiyo ni dalili kwamba ina ardhi? Toeni sababu.

Kazi ya kufanya: kabla ya mkutano ujao katibu alete daftari la umeme. Ikiwa halipo, aje na daftari jipya, na ukurasa wa kwanza uandikwe siku hiyo mbele ya wanachama.