SOMO LA UFUNDI: GARI LINALIA "TAK" LAKINI HALIWAKI

Ndugu wakazi, gari la wagonjwa likigoma usiku, mama mwenye uchungu hawezi kungoja. Vuta breki ya mkono, weka gia huru, washa taa kubwa. Mwenzako apige stata, nawe sikiliza.

1. "Tak-tak-tak" ya haraka, taa zikififia: betri imeishiwa nguvu. Betri ya volti 12 iliyojaa hupima kama 12.6; chini ya 12 haina kitu.

2. "Tak" moja tu, taa zikibaki na mwanga: tatizo liko kwenye stata au waya zake.

3. Kabla ya kununua chochote, kagua vichwa vya betri. Unga mweupe au nati iliyolegea huzuia umeme. Fungua waya wa hasi (-) kwanza, kisha wa chanya (+). Sugua kwa msasa, kaza vizuri. Wa hasi urudishwe mwisho.

ANGALIA! Usiwashe kiberiti wala sigara karibu na betri. Hewa yake hulipuka. Asidi ikiingia machoni, osha kwa maji safi mengi, kisha nenda zahanati mara moja.

Mweleze na dereva mwenzako.